Uso waliupokea, sauti wakaikataa: safari ya mwanamke katika utangazaji wa michezo

Ukiuliza ni nani mwanamke wa kwanza kutangaza michezo kwenye televisheni, utatajiwa majina sita, na yote yatakuwa sahihi. Wajerumani watakwambia ni Carmen Thomas, mwaka 1973. Wamarekani watamtaja Phyllis George wa 1975, halafu watamkumbuka Lesley Visser, na mwenye kumbukumbu nzuri zaidi atamtaja Gayle Sierens wa 1987. Waingereza, ambao ligi yao ndiyo inayojaza mabanda ya mpira kuanzia Majengo hadi Mtopanga kila Jumamosi, watasema ni Jacqui Oatley, 2007. Nao Waingereza haohao, ukiwabana kidogo, watakuongezea Vicki Sparks wa 2018.

Kati ya huyo wa mwanzo na huyu wa mwisho imepita miaka 45. Mlango ukishafunguliwa mara moja, kwa nini ufunguliwe tena na tena? Swali hili limenishughulisha kwa sababu hapa Mombasa tuna mabinti wanaoujua mpira kuliko kaka zao, wanaoweza kukupangia kikosi cha klabu yetu ya Bandari cha misimu mitatu iliyopita bila kutazama popote, na bado siku ya mechi sauti inayotutangazia ni ya mwanamume. Nionavyo mimi, mlango haukuwa mmoja. Ilikuwa mingi, kila mmoja na kufuli yake, na ule wa sauti ndio uliofungwa kwa muda mrefu kuliko yote.

Tuanze na kazi zenyewe. Mtazamaji aliyeketi bandani huona matangazo ya mpira kama kitu kimoja, kumbe ndani yake mna watu wa aina mbalimbali. Yuko anayekaa studio, anayetukaribisha, kuwauliza wageni maswali na kusoma matokeo. Yuko ripota anayesimama ukingoni mwa uwanja, anayemvizia kocha wakati wa mapumziko na kutuambia nani ameumia goti. Yuko mchambuzi, mara nyingi mchezaji mstaafu, anayeeleza bao limetokana na kosa la nani. Na yuko anayeutangaza mchezo wenyewe, pasi kwa pasi na jina kwa jina, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Huyu haonekani. Unaweza kumsikiliza miaka 20 usiijue sura yake, lakini sauti yake ukaitambua ukiwa jikoni.

Nyuma ya hawa wote wako watayarishaji wanaoamua nani apewe nafasi ipi. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa yaliamuliwa na hao.

Studio ilikuwa rahisi kuingia, si rahisi kusamehewa

Carmen Thomas alikuwa na miaka 26 alipokabidhiwa, Februari 1973, kipindi cha michezo cha Jumamosi usiku kwenye kituo cha ZDF. Hicho kilikuwa kipindi cha taifa zima, na mpaka siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa amekiendesha. Julai ya mwaka huohuo ulimi ukateleza. Alikuwa akiitaja timu ya Schalke 04, akasema Schalke 05.

Tarakimu moja tu. Mtangazaji yeyote wa mpira unayemjua amewahi kumpa bao mtu asiyelifunga, na dakika mbili baadaye akajisahihisha tukaendelea. Kwa Carmen Thomas, kosa lile liligeuka jina lake la pili. Watu wengi huamini kwamba alifukuzwa kwa ajili yake, jambo ambalo si kweli. Aliendelea na kipindi kile kwa zaidi ya mwaka, kisha akaenda redioni, kwenye shirika la WDR, akaendesha kipindi chake mwenyewe kwa miaka 20. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye, mtaje Ujerumani uone kitakachokumbukwa kwanza.

Hapo pana jambo la kulishika. Mtu akiwa peke yake wa aina yake, kosa lake halihesabiwi kuwa lake. Linahesabiwa kuwa la wote wanaofanana naye, hata wale ambao hawajazaliwa.

Phyllis George aliingia kwa njia nyingine. Alikuwa Miss Amerika wa 1971, na mwaka 1975 shirika la CBS likamweka kwenye kipindi chake cha kabla ya mechi za mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kujaza. Hakuwa mwanahabari wa michezo, na waliomwajiri hawakujificha kwamba walitaka uso. Yeye akaonyesha kwamba alikuwa na kitu kingine: aliwafanya wanaume wakubwa, waliozoea kujibu kwa neno moja, wazungumze juu ya maisha yao. Alipoondoka 1978 nafasi yake ikachukuliwa na Jayne Kennedy, mmoja wa wanawake weusi wa mwanzo kuonekana kwenye kazi hiyo kwa taifa zima.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1970 studio ilikuwa imeshapokea wanawake, angalau mmoja mmoja. Televisheni ni picha, na mwenye kituo aliona faida ya picha ile. Lakini pale mechi ilipoanza, kipaza sauti kilirudi kwa wanaume.

Ukingoni mwa uwanja, na mahakamani

Lesley Visser aliingia kupitia gazeti. Alianza na Boston Globe mwaka 1974, na 1976 akapewa kuifuata timu ya New England Patriots msimu mzima, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika ligi kuu ya mpira huo wa Kimarekani. Kadi yake ya kuingilia uwanjani ilikuwa na maandishi yanayosema kwamba wanawake na watoto hawaruhusiwi katika jukwaa la waandishi. Ndiyo kadi aliyotakiwa kuionyesha mlangoni ili aingie katika jukwaa hilohilo. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa marufuku kwake, hivyo aliwasubiri wachezaji nje, kwenye maegesho ya magari, baridi ya majira yale ikimla. Siku moja huko Pittsburgh alimwendea Terry Bradshaw, nyota wa zama zile, kumuuliza maswali. Bradshaw akachukua daftari na kalamu, akatia saini yake, akamrudishia. Alidhani ni shabiki.

Watu wa Mombasa wakisikia habari za vyumba vya kubadilishia nguo huona kama ni fujo tu za Wazungu, na wengine huuliza mwanamke mwenye heshima zake anatafuta nini humo. Inafaa kueleza. Wakati ule mahojiano ya baada ya mechi hayakufanywa kwenye meza yenye matangazo ya wadhamini nyuma, kama tunavyoona leo. Yalifanywa chumbani, palepale, dakika chache baada ya mchezo, na gazeti lilikuwa likisubiri habari kabla ya mitambo kuanza kuchapa. Aliyebaki nje alibaki bila habari. Ukimfungia mwandishi mlango ule, umemfungia kazi.

Ndiyo maana jambo hili lilifika mahakamani. Melissa Ludtke wa jarida la Sports Illustrated alizuiwa kuingia vyumbani wakati wa fainali za besiboli za 1977, kwa amri ya kamishna wa mchezo huo, Bowie Kuhn. Waajiri wake wakashtaki. Kesi ikafika mbele ya Jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa serikali kuu ya Marekani, na mwaka 1978 akaamua kwamba Ludtke amebaguliwa. Hoja moja iliyobeba uamuzi huo ni kwamba uwanja wa Yankee ulikuwa mali ya jiji la New York, klabu ilikuwa mpangaji tu. Mali ya umma haiwezi kutumiwa kumfungia nje raia kwa sababu ya jinsia yake. Wachezaji waliotaka staha wangeweza kuchukua taulo.

Naitaja hoja hiyo makusudi. Uwanja wa manispaa hapa Mombasa ni wa umma. Uwanja wa Mbaraki, nyumbani kwa Bandari, uko chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambalo ni shirika la umma. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inasema wazi kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kupewa fursa sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Mwandishi wa kike akiambiwa leo kwenye lango la uwanja asimame pembeni wapite wanaume kwanza, sheria iko upande wake kuliko ilivyokuwa upande wa Ludtke mwaka ule.

Visser alihamia televisheni, CBS, miaka ya 1980. Mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza hafla ya kukabidhi kombe la Super Bowl, fainali ya ligi ile. 1998 akawa ripota wa uwanjani wa mechi za Jumatatu usiku, matangazo makubwa kuliko yote ya mchezo ule. 2001 akaketi kwenye kibanda cha utangazaji kama mchambuzi. Mwaka 2006 Jumba la Mashujaa wa mchezo huo likampa tuzo yake ya utangazaji, wa kwanza wa jinsia yake. Kazi moja, milango minne. Na bado ule wa kuutangaza mchezo wenyewe haukuwa miongoni mwake.

Mechi moja, kisha miaka 30

Sasa tufike kwa Gayle Sierens, maana kwake ndiko fumbo lote lilikojificha.

Sierens alikuwa mtangazaji wa televisheni katika jiji la Tampa, Florida. Alianza na michezo, kisha akahamishiwa taarifa ya habari ya jioni. Mtayarishaji mkuu wa michezo wa NBC, Michael Weisman, alikuwa na wazo ambalo wenzake walilikwepa: kumpa mwanamke mechi ya ligi kuu aitangaze mwanzo hadi mwisho. Akamchagua Sierens. Wakamtafutia mwalimu, Marty Glickman, mkongwe wa redio za New York. Glickman mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Berlin ya 1936, akaondolewa kwenye mbio za kupokezana pamoja na mwenzake siku ya mashindano. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Mzee aliyejua kukatazwa kwa sababu ya asili yake ndiye aliyemfunza mwanamke huyu.

Tarehe 27 Desemba 1987, Seattle Seahawks walicheza ugenini kwa Kansas City Chiefs. Chiefs wakashinda 41 kwa 20. Sierens akatangaza mchezo wote, akiwa na mchambuzi Dave Rowe kando yake, kwa watazamaji wa sehemu ya nchi. Dunia haikuporomoka. NBC wakaridhika kiasi cha kumpa mechi nyingine sita za msimu uliofuata.

Kilichofuata wengi hawakijui. Kituo chake cha Tampa, kilichokuwa kikimlipa mshahara, kikamwambia achague: habari au mpira. Habari ilikuwa kazi ya mwaka mzima, ya mkataba, ya uhakika. Mpira ulikuwa mechi sita. Akachagua habari, akaifanya hadi alipostaafu 2015. Na NBC hawakumtafuta mwanamke wa pili.

Mwanamke wa pili kutangaza mechi ya msimu wa ligi ile kwenye televisheni ya taifa alikuwa Beth Mowins, wa kituo cha michezo cha ESPN, tarehe 11 Septemba 2017. Karibu miaka 30. Ndani ya miaka hiyo Afrika Kusini ilipata uhuru kutoka ubaguzi wa rangi, simu za mkono zilifika hadi Kiunga, na kwetu Kenya tulibadilisha katiba. Kipaza sauti kile kilisubiri.

Wanaoeleza historia hii huielekeza kwenye chuki, na chuki ilikuwepo. Lakini ukiifuatilia hatua kwa hatua, unaona kwamba hakuna aliyesimama mlangoni na rungu. Mkubwa mmoja wa NBC alikuwa na wazo zuri. Wazo hilo halikuwa sera ya kituo. Mwajiri mmoja wa Tampa alilinda taarifa yake ya habari. Sierens alifanya hesabu ambayo mzazi yeyote wa Changamwe angeifanya. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na jumla ya sababu hizo ikawa miaka 30. Mlango wa namna hii ni mgumu kuusukuma, kwa kuwa hauna bawabu wa kumlaumu.

Na tofauti iko hapa. Mwanamume akitangaza mechi na kuacha, anatafutwa mwanamume mwingine kabla ya Jumamosi. Sierens alipoacha, nafasi yenyewe ilifutwa.

Kuhusu sikio

Uingereza ilikuwa na mabishano yake. Jacqui Oatley, msichana wa Wolverhampton aliyependa Wolves, timu ya mji huo, na kucheza mpira hadi goti likamkatalia, aliacha kazi nzuri ya ofisini akaanza upya, redio ya hospitali, redio za mitaa, mechi za ligi za chini ambazo watazamaji wake unaweza kuwasalimu mmoja mmoja. Mwaka 2005 alitangaza mechi kwenye redio ya taifa. Tarehe 21 Aprili 2007 BBC wakamtuma Fulham dhidi ya Blackburn Rovers kwa ajili ya Match of the Day, kipindi chao cha mechi za Jumamosi. Timu zikatoka 1-1. Lakini magazeti yalikuwa yamechemka kwa siku kadhaa kabla hajafungua mdomo, na kocha mmoja wa zamani akadai kwamba wanawake kuendesha vipindi vya mpira ni sawa, ila kutangaza mechi ni jambo jingine, linahitaji mtu aliyecheza.

Dai hili ukilipima halisimami. John Motson, sauti iliyotangaza mechi za BBC kwa karibu miaka 50, alikuwa mtoto wa mchungaji na mwandishi wa gazeti la mtaani. Hakucheza mpira wa kulipwa. Waingereza walimpenda na hawakumdai cheti. Oatley alikuwa amecheza. Kwa kipimo chao wenyewe, yeye ndiye aliyestahili kuliko Motson.

Hoja ya kucheza iliposhindwa ikaja ya sauti. Wakati wa Kombe la Dunia la 2018, Vicki Sparks alipotangaza Ureno dhidi ya Morocco, wa kwanza kutangaza mubashara mechi ya mashindano hayo kwenye televisheni ya Uingereza, mchezaji mmoja mstaafu alisema sauti ya mwanamke ni ya juu mno kuisikiliza dakika 90. Akaomba radhi baadaye. Lakini alisema hadharani kile ambacho wengi husema bandani, kwa hiyo tukiangalie kwa makini badala ya kukikemea tu.

Koo la mwanamume mzima akiongea kwa utulivu hutetema mara kama 120 kwa sekunde. La mwanamke, mara kama 200. Mtu akipandisha sauti kwa msisimko, mtetemo huo huongezeka kwa wote wawili, na kwa kuwa mwanamke alianza juu, atafika juu zaidi bao likifungwa. Hiyo ni kweli ya mwili. Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi. Vipaza sauti na mawimbi ya redio ya zamani viliwekewa mipaka iliyokata sauti za juu. Herufi kama s, f na sh hubeba nguvu zake huko juu, na za mwanamke huwa juu zaidi. Zikikatwa, maneno yake hupoteza ukali na sauti husikika nyembamba, kama inayotoka nyuma ya ukuta. Wasikilizaji wakalalamika kwamba wanawake hawasikiki vizuri. Mwaka 1933 BBC ilimweka Sheila Borrett kuwa mtangazaji wake wa kwanza wa kike wa taifa. Malalamiko yakamwagika na baada ya miezi michache akaondolewa. Mtambo ulikuwa na kasoro, lawama ikamwangukia mwanamke.

Mitambo ya leo haina mipaka ile. Kilichobaki ni mazoea ya sikio, na spika. Ingia banda lolote la Kisauni siku ya Arsenal na Manchester United: spika imefunguliwa hadi mwisho, sauti za juu zote zimepasuka, besi inatikisa mabati. Imepangwa kwa sauti nene na miziki. Sauti ya Sparks ikipita humo itaumiza masikio, na hata ya mwanamume mwembamba wa sauti ingeumiza. Mwenye banda akipunguza kidogo treble, yaani kitufe cha sauti za juu, mengi ya malalamiko hayo huisha.

Isitoshe, sisi watu wa Pwani hatuna udhuru. Sauti ya mwanamke ndiyo iliyoijenga taarab. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikauzwa pwani yote. Hapa Mombasa tumekuwa na Zuhura Swaleh na Malika, na harusi ilikesha kwa ajili yao. Wazee walewale wanaosema sauti ya mwanamke haiwezi kubeba dakika 90 waliwahi kuisikiliza saa sita mfululizo, wakitunza noti. Sikio letu limeshafunzwa. Halijazoeshwa tu kuisikia sauti hiyo ikitaja kona na faulo.

Ngazi iliyokatika

Kenya haijakosa wanawake wa michezo kwenye vyombo vya habari. Carol Radull alijijengea jina kubwa kwa vipindi vya mpira redioni, Kiss FM na baadaye Radio Jambo, na wanaume walimpigia simu kubishana naye kama wanavyobishana wao kwa wao. Hiyo ni studio, na studio, kama tulivyoona, ndiyo hufunguka kwanza. Kutangaza mechi ndiko kuliko nyuma.

Ili kuelewa kwa nini, angalia mtangazaji hutengenezwa vipi. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, aliyefariki Februari 2025, hakuzaliwa akijua kuzifuata pasi kumi bila kukosea jina. Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati ule, ilikuwa ikirusha mechi, na yeye alikuwa na mechi ya kutangaza, na nyingine, na nyingine. Redio ndiyo shule kali: msikilizaji haoni, lazima umwambie mpira uko wapi, nani anao, goli liko upande gani, jua linamchoma kipa yupi. Aliyefuzu redioni akienda runingani hujifunza kinyume chake, yaani kunyamaza, kwa sababu picha inajieleza. Anakuwa na kioo kidogo mbele yake, visikizio masikioni, na mtayarishaji anayemnong'oneza katikati ya sentensi kwamba marudio ya bao yanakuja. Kuongea huku unasikiliza mtu mwingine akiongea ni ustadi unaokuja kwa kurudia, tena mbele ya makosa mengi ambayo hakuna anayeyakumbuka. Mowins alikuwa ESPN tangu 1994 kabla ya kupewa ile mechi ya 2017. Oatley alikosea kwenye mechi za ligi za chini, ambako kukosea ni ruhusa.

Mombasa mechi hizo zimepungua. Jiji lililotoa klabu ya Feisal, mabingwa wa Kenya wa 1965, lilikaa miaka mingi na uwanja wake wa manispaa ukiwa eneo la ujenzi. Mechi za Mbaraki huchezwa, lakini si zote hupata hata redio. Redio za hapa zina wanawake hodari, wanaosoma habari, wanaoendesha vipindi vya taarab, vya dini, vya malezi. Dawati la michezo likifika, mara nyingi utasikia sauti za kiume.

Halafu kuna nyumbani. Binti wa Kibokoni au Likoni akisema anataka kutangaza mpira, swali la mama si kama anaujua mpira. Ni atarudi saa ngapi, na nani, na kama atavuka feri usiku peke yake. Nalichukulia swali hilo kwa uzito, na sioni haki kwa wale wanaolicheka na kuliita ushamba. Mama ana sababu. Stesheni inayomtaka binti yule itangaze mapema ratiba yake, impe gari la kumrudisha, na isimtume wa kike mmoja kati ya mafundi sita wa kiume. Gari na ratiba ni bei ndogo kuliko semina za kuwahamasisha mabinti ambao wameshahamasika zamani.

Mabinti wenyewe wapo. Kwa jirani zetu Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana mpira tangu 2001, na kizazi cha mwanzo sasa ni wanawake wazima waliocheza, waliochezesha kama waamuzi, waliofundisha. Hoja ya kwamba lazima uwe umecheza haiwapati hao. Wanachokosa ni kipaza sauti na mechi ya kukosea.

Ligi za kaunti, michezo ya sekondari, mashindano ya mitaa ya mwezi wa Ramadhani pale Serani: hizo ndizo mechi. Tayari huwa na mtu mwenye kipaza sauti akiwachangamsha watu. Kumpa binti nusu ya pili hakugharimu chochote, na simu ikiwekwa kando kurekodi, kesho atajisikiliza ajue alipoharakisha na alipokosea jina. Kwa upande wa stesheni za Mombasa, ombi langu ni mahususi. Chukueni mechi za nyumbani za Bandari za msimu ujao, mtangaze redioni na kwenye kurasa zenu za intaneti, na mpange wanawake wawili wapokezane zamu na wanaume mliokuwa nao, kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Wawili, ili mmoja akiugua au akiacha, zamu isifutwe. Na iwe msimu mzima, si mechi moja ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake.